Ngoma Isiyobishiwa Hodi

Kibiti, Pwani
Juni 20, 2025

Mpendwa mwanangu Abdulswamadu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Ujerumani na baridi yenu? Unakula? Unalala? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako mzima, ila magoti yanamsumbua akiinuka kwenye mswala. Mpunga wetu wa Mkongo mto umekula nusu, uliobaki tumevuna. Ufuta bado, wanunuzi wa Ikwiriri wanatuzungusha kama kawaida yao.

Utashangaa shangazi yako kuandika barua zama hizi. Simu ya mama yako inasikilizwa na uwanja mzima, na wewe kwenye simu una maneno laini, ukibanwa kidogo unasema mtandao mbovu. Basi keti uisome hii mpaka mwisho.

Nina jambo nawe kuhusu ule muziki uliomtumia mama yako baada ya Idd.

Unaukumbuka ule wa kwanza, wa mwaka juzi? Ulikuwa umejiunga na okestra ya mji wenu, ukatutumia ule muziki mrefu wa vita, wenye fidla zinazolia kama watu wa msibani, matarumbeta, kengele, na mwisho mizinga. Ukatueleza kwamba okestra yenu haina mizinga ya kweli, kwa hiyo mzinga ni wewe na ngoma kubwa. Mama yako alilia. Mie nilisikiliza ngoma. Na kabla ya kishindo cha kwanza nikaisikia hodi ya babu yako Mrisho: vidole viwili vya mkono wa kulia pembeni mwa ngozi, tu-tu, ndipo pigo. Kwetu ngoma haipigwi kabla ya kubishiwa hodi, iwe ya unyago, iwe ya harusi ya jirani. Ukaniambia kiongozi wenu alikugombeza kwa hiyo tu-tu na wewe ukagoma kuiacha. Nilifurahi wiki nzima.

Sasa huu wa pili. Muziki ni uleule, na ulisema mpigaji ni wewe yuleyule. Kishindo kikaja kikavu, hodi hakuna. Machale yakanicheza. Nikajisemea labda hatimaye amemtii kiongozi wake, watoto nao hukua. Lakini wewe kutii? Roho ilikataa.

Nikaenda kwa Ridhiwani, yule anayewaingizia watu nyimbo kwenye simu pale stendi, nikamtaka anitafutie muziki huo kila ulikopigwa duniani. Alidhani nimechanganyikiwa. Nikakaa kwenye benchi lake, spika mbele yangu, nikawa nalinganisha. Kuna wanaoupiga mbio kama wanakimbizwa na kiboko. Kuna wanaoukokota mpaka unasinzia. Kuna waliofyatua mizinga ya kweli, abiria wa basi la Utete wakachungulia madirishani. Kisha akaufungua mmoja, na pale matarumbeta yanaponyamaza kabla ya kengele, mzee mmoja kati ya wasikilizaji akakohoa, kikohozi kizito cha mvuta sigara.

Kikohozi hicho nakijua. Kimo kwenye huo wako. Nikamwambia Ridhiwani aipige yote miwili kwa zamu, halafu tena. Fidla zilezile, kishindo kilekile, mzee yuleyule. Na wapigaji wenyewe wako nchi nyingine kabisa, Ridhiwani kanisomea majina. Mie si wa kulishwa matango pori, Swamadu. Umechukua ngoma ya watu ukamwambia mama yako ni yako.

Nilikasirika sana. Nikawaza wamekufukuza. Nikawaza ulevi, nikawaza jela, Mungu anisamehe. Mpaka nilipoanza kukumbuka mengine.

Zamani ukituandikia ujumbe mrefu, tena ukinisuta kwamba mimi napenda kutuma sauti. Siku hizi ni wewe unayetuma sauti tu. Picha ya Idd umesimama na koti, mkono wa kulia umo mfukoni. Ile ya kabla yake, mfukoni vilevile. Na mara ya mwisho tulipoonana kwenye simu ulituaga kwa mkono wa kushoto. Wewe, uliyechapwa na marehemu baba yako kwa kupokea embe kwa kushoto! Na kazi yako ni kwenye kiwanda cha kupasua mbao.

Sasa nakuuliza, na unijibu kama mtu anavyomjibu shangazi yake: mkono una nini? Umeumia? Umekatika? Naogopa hata kuandika. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu.

Mama yako sijamwambia neno. Kila jioni anawaita majirani, anaufungua huo muziki wa uongo, anawaambia msikilizeni mwanangu. Mie nakaa pale natazama chini. Akija kujua kwa watu wengine, sijui nitamshika wapi.

Dada yako Habiba anakusalimu na wanawe. Mzee Mashaka anakusalimu, anauliza mke utaoa lini. Ridhiwani naye anakusalimu, hajui kitu.

Swamadu, nilitaka kufunga hapo. Nimeingiliwa. Mama yako kanikuta naandika, akaketi, akaniambia nimsomee. Nilijaribu kuruka mistari, akanishika mkono. Kumbe anajua. Tangu siku ile ulipoutuma huu wa pili aliisikiliza hodi hakuisikia, na zile picha kazitazama kabla yangu. Nikamuuliza kwa nini basi anawaita majirani. Akasema umehangaika kumtuliza, naye hakuona vizuri kukukatalia. Kisha akanitaka niandike neno lake kama alivyolisema, nisiongeze langu:

“Mwambie aje. Kama mkono haupo, tonge nitamtia mwenyewe kinywani, sitaona haya mbele ya mtu.”

Ameondoka kwenda kutia udhu. Mimi bado nalia na karatasi imelowa, usome hivyohivyo. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi nikupendaye na kukugombeza,
Shangazi yako,
Johari binti Mrisho