Spika alizoninunulia mke wangu zina saruji ndani, nami nazisifu kila siku

Mpendwa Mama Mastura, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakuomba ulifiche jina langu, majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe, maana haya ni mambo ya ndani na watu wa huku Pasiansi wanaisoma safu yako hadi kwenye vibanda vya kunyolea. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, nina mke nitakayemwita Tereza na watoto wanne, wa kwanza tumwite Kija, na kabla sijaeleza shida yangu nataka ujue kwamba sina ugomvi na mke wangu, hana tabia mbaya, na kama kuna mtu ninayemshukuru baada ya Mungu na mama yangu mzazi basi ni yeye, na shida yangu yote imetokana na shukrani hiyo.

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mizani kwenye pamba. Kazi hiyo naijua vizuri, mkulima mmoja anamwagia pamba maji ili iwe nzito, mwingine anatia mchanga, mwingine anaficha jiwe katikati ya gunia, nami nilikuwa naingiza mkono hadi kwapani nalitoa lile jiwe mbele ya watu wote, wanacheka, mwenye gunia anatazama chini. Baadaye wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, wakaja na mizani yao, chama chetu cha ushirika kikayumba, na mwishoni mwa mwaka juzi tukapunguzwa kazi. Nikarudi nyumbani nikakaa.

Mama Mastura, nilikaa kweli. Karibu miezi tisa nilikuwa kwenye kiti kimoja pale sebuleni, siongei na watoto, sitoki, jirani akibisha hodi nasema mwambieni nimelala. Tereza alikuwa anaamka alfajiri kwenda mwaloni, boti zinakoshusha samaki, kuchukua dagaa, anawaanika, anawauza sokoni, anarudi anapika, na hakuniambia hata siku moja neno la kunichoma. Waliosema ni ndugu zake wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Kaka yake mkubwa, Shimba, alimuuliza mbele ya watu msibani kama yeye ameolewa au ameoa, naye Tereza akanyamaza, aliporudi akaniambia tu kwamba msiba ulikwenda vizuri. Hayo ya Shimba niliyapata kwa watu wengine, na sijawahi kumwambia mke wangu kuwa nayajua.

Basi mwezi wa tisa mwaka jana, zamu yake ya upatu ilipofika, alirudi nyumbani na mkokoteni na wachukuzi wawili wanahema, wakashusha spika mbili ndefu zinazofika kiunoni, nyeusi, kila moja ina midomo mitatu nyuma ya wavu na taa nyekundu na kijani, zimeandikwa wati elfu moja. Akaniambia, "Nyumba imekuwa kimya mno, Baba Kija. Nimekuletea kelele." Nikamuuliza amezichaguaje, akasema, "Mwenye duka alinionyesha aina tano, zote anasema zimetoka Dubai. Nikakumbuka maneno yako, nikawa nanyanyua moja moja. Hizi ndizo zilizonishinda kunyanyua." Na kweli ni maneno yangu, nyumba nzima nimeifundisha hivyo, ukinunua pasi, ukinunua sufuria, ukinunua betri ya redio, pima kwa mkono kwanza, kitu cha maana ni kizito.

Tukaziunganisha kwenye deki yetu ya zamani, nikaweka kaseti, taa zikaanza kucheza, na kikatoka kisauti chembamba kama cha redio ya mlinzi wa getini. Besi hakuna kabisa. Tereza alikuwa amesimama katikati ya sebule na ndoo ya dagaa mkononi, haangalii spika, ananiangalia mimi usoni. Akauliza, "Zinasemaje?" Nikamjibu, "Mama Kija, hii sasa ndiyo besi." Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nitoke kazini, na tangu siku hiyo sikuweza kurudi nyuma.

Kila jioni nikawa naweka kaseti ili anisikie nikisifu, na mtu hawezi kusifu muziki huku amenuna, kwa hiyo ikabidi nichangamke, watoto wakaanza kucheza, mlango ukafunguliwa, jirani yetu Ngosha akaanza kuingia na kututania, "Ninyi kwenu muziki unaangaliwa, hausikiki," mimi nikambishia kwa nguvu, tukabishana, tukawa marafiki, na ni huyo Ngosha aliyenipeleka kwa wanunuzi wa sangara walipokuwa wanatafuta mtu wa mizani. Tangu mwezi wa pili nina kazi. Spika mbovu ndizo zilizoniinua kwenye kile kiti, au niseme ni Tereza, mimi sijui kuyasema maneno ya namna hiyo, kwetu mwanaume hamwambii mkewe asante kwa mdomo, anaonyesha tu, nami nimeonyesha kwa kuzisifu zile spika.

Kabla ya kazi hiyo, mwezi wa kwanza, Tereza alipokwenda kwao nilichukua bisibisi nikafungua ubao wa nyuma. Ile midomo mitatu, miwili ni plastiki tupu iliyopakwa rangi, wa tatu una spika ya ukubwa wa kisosi cha chai, na chini kabisa limegandishwa tofali la saruji. Ya pili nayo hivyo hivyo. Nikaingiza mkono nikalishika lile tofali, nikakumbuka magunia yote niliyowahi kuyaaibisha, nikacheka peke yangu pale sakafuni, halafu machozi yakanitoka kwa sababu niliona wazi ni mimi niliyemwambia anunue tofali. Nikafunga skrubu. Aliporudi nikasema leo zimeongeza sauti.

Sasa maji yamenifika shingoni. Tarehe 23 mwezi huu wa Agosti, Jumamosi, binti wa Shimba anaolewa kule Kamanga, na Tereza ndiye shangazi wa bibi harusi. Kwenye kikao cha kugawana majukumu kaka zake walianza kumtania, shangazi wa dagaa ataleta nini, akasimama akasema, "Muziki ni wangu. Nina spika ambazo mume wangu, mtu wa mizani, anasema Mwanza nzima hakuna mfano wake." Watu mia tatu, Mama Mastura, nje, chini ya turubai, kwa umeme wa jenereta. Nimemwona fundi Abeid wa Igoma, ana spika nzuri alizozitoa kwenye seti iliyokufa, anasema atazifunga humo siku Tereza yuko sokoni, na lile tofali atalirudisha mahali pake ili mama asistuke akizisogeza wakati wa kufagia. Njia nyingine ni nizichomeke vibaya siku mbili kabla ya harusi niseme umeme umeziunguza. Au nimwambie ukweli, ajue aliuziwa mbuzi kwenye gunia na kwamba mimi nimemdanganya miezi kumi na moja, na kicheko kile kife. Nishauri niende na njia ipi, nitaifuata.

Mimi mwenye spika,
Pasiansi, Mwanza.

MAMA MASTURA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilitabasamu, maana kwa wiki napokea barua nyingi za wanaume wanaolalamikia wake zao na yako ni ya mwanaume anayeogopa kumuumiza mkewe. Mungu akutunzie moyo huo. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini niambie, Pasiansi kuna makarani wangapi wa pamba waliohamia kwenye sangara, wenye spika za kufika kiunoni? Na mkeo anauza dagaa, dagaa hufungwa kwa gazeti, na gazeti ndilo hili. Njia ya mwongo ni fupi, yako wewe imebaki ya siku mbili tatu. Kwa hiyo suala la kumwambia au kutomwambia ulilimaliza mwenyewe siku ulipotia barua posta. Usijifanye hukulijua.

Hila ya fundi iache. Mtu mzima unamlipa fundi atoe uongo wa mwenye duka halafu aweke wako, na saruji arudishe? Miaka kumi na tisa umewatolea wakulima mawe kwenye magunia mbele za watu, leo unataka kumfungia jiwe mkeo. Na ile ya umeme ni mbaya zaidi, kwa sababu atakwenda kwa kaka zake mikono mitupu siku mbili kabla ya harusi, nao watasema hata hizo spika hazikuwahi kuwapo.

Tena unasema unaogopa aibu itampata yeye. Sehemu ni kweli, sehemu unajisitiri wewe. Tereza hakukosea dukani. Alifanya ulichomfundisha, akanyanyua hadi akashindwa. Aliyepima vibaya ni karani wa mizani. Halafu hakuahidi muziki kwa kiburi. Mtu akitaka kuwanyamazisha wanaomdharau hutoa kilicho bora ndani ya nyumba yake, na wewe ndiye uliyemwambia kila jioni kwamba kilicho bora ni hizo spika. Ahadi ile umeitoa wewe kwa mdomo wake.

Lakini kuna jambo lililonikera kuliko yote hayo. Katika barua yako umemshukuru mkeo kuanzia juu hadi chini, nami ambaye hatujuani nimejua kwamba alikuinua kwenye kiti, kwamba alikusitiri kwa kaka zake, kwamba kicheko chake ndicho kilichokurudishia uhai. Yeye je, anayajua? Anachojua yeye ni kwamba mumewe anapenda besi. Miezi kumi na moja shukrani zake umezipeleka kwa masanduku mawili. Unaniambia kwenu mwanaume hasemi asante kwa mdomo. Mwanangu, nimekaa Mwanza miaka thelathini, nimewaona wanaume wa Kisukuma wakiwashukuru ng'ombe wao kwa majina, mmoja mmoja, hadi wa babu. Usinidanganye na mimi.

Fanya hivi. Leo, akishaanua dagaa wake, kabla ya chakula, mwite sebuleni na watoto watoke. Usianze na tofali. Anza na kile kiti, mwambie ulikuwa umefika wapi na yeye alikufanyia nini. Mwambie unajua alichoulizwa msibani na kwamba unajua alinyamaza kwa ajili yako. Hayo yakishamwingia ndipo uchukue bisibisi ufungue ubao, na aingize mkono yeye mwenyewe. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na usimwambie ilikuwa kwa nia njema, hilo ataligundua mwenyewe baada ya siku mbili. Kicheko unachokiogopa kufa kilitoka kwa mwanamke aliyemwona mumewe akirudi, hakikutoka kwenye spika, nawe bado umerudi.

Kisha nendeni wote wawili kwa huyo Abeid. Tereza akitaka spika zitengenezwe, zitengenezwe mbele yake, saruji itupwe, na yeye ndiye aamue. Ila za sebuleni, hata zikiwa nzima, hazitoshi watu mia tatu chini ya turubai, hilo fundi yeyote atakuambia. Mtafute mtu wa muziki wa kukodi hapo mjini, mwenye jenereta yake, mzungumze naye wiki hii, na usikilize vyombo vyake vikipiga uwanjani kabla hamjakubaliana. Usivinyanyue. Gharama ni yako, mizani ya sangara italipa. Tereza atakuwa ameleta muziki kama alivyoahidi, na kama ataamua kuwasimulia kaka zake habari ya tofali, au kutowasimulia, hilo ni lake.

Wewe siku ya harusi vuka naye kwa kivuko kile kile, usije nyuma na wanaume wengine. Zawadi zitakapoanza na shangazi akaitwa mbele, inuka uende naye. Shimba atakuwepo, na wale wote waliokuwa msibani watakuwepo. Mwambie mtu wa muziki azime kwanza. Halafu waambie shemeji zako nani alikulisha, kwa muda gani, bila neno moja la kukuchoma, na umshukuru mbele yao kwa jina lake. Sema kwa sauti yako mwenyewe, hadi wale wa mwisho kule nje ya turubai wasikie.