Tunda Refu la Mwegea

Kaka yangu Wandera,

Leo nimepita njia yetu ya mbugani, huku Buteba, na njia nzima nilikuwa nimekukasirikia. Ulituaga ukisema unakwenda Tiira kuchimba dhahabu kidogo tu, upate mabati ya nyumba ya mama, kisha urudi tukatege kware. Shimo likakufunika. Walichimba kukutafuta mpaka maji yakajaa, wakaacha. Hata shati lako hatukuletewa.

Unakumbuka ulivyonifundisha kutembea mbugani? Tulitoka umande ukiwa bado mzito, wewe na kizimba cha kware dume begani, yule wa kuwaita wenzake mtegoni. Mara ya kwanza nilipokuonyesha ndege ulinikemea, "Kunja hiyo kidole! Ukinyoosha, nyama nakimbia." Basi tukawa tunaonyeshana kila kitu kwa kidole kilichokunjwa: nguchiro wakivuka njia wakifuatana, pelele wakiota jua mwambani, korongo wenye taji wakitembea kwa maringo kama wageni waliokuja kuposa. Mama alisema macho yako yangekuwa jembe, tungeshiba mwaka mzima.

Leo pelele sikuwaona. Mbuga imelimwa, na kwingine imechimbwachimbwa. Nguchiro alikuwa mmoja tu. Alinitazama, akazama majanini. Sikufurahi hata kidogo, maana sikuwa na wa kumwambia.

Jana wazee walikata shauri. Unajua desturi yetu: asiyepatikana mwili huzikwa tunda la mti wa mwegea mahali pake, ili watu wake waache kungoja. Mimi nilibisha. Nikawauliza, tunda likishaingia kaburini, nani atakutafuta tena? Akanijibu mama, kwa sauti ndogo, "Enda lete, mwanangu. Mimi nachoka kusikiliza mlango." Na mwegea ule wa kando ya kinamasi tuliujua mimi na wewe tu, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kutumwa.

Nilichuma tunda refu, kwa kuwa ulikuwa mrefu. Nikalifunga kwa leso, nikalikumbatia. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nilipofika kivukoni, kware akaita kutoka majanini, karibu kabisa. Nikageuka upesi, nikakunja kidole nikuonyeshe, tunda likaniponyoka na kuanguka matopeni. Nikaliinua, nikalipangusa tope polepole, nikausikia mdomo wangu ukiliambia, "Pole, kaka."

Siku zote hizi watu wamekuja kunipa pole, nami nikawaona wanaharakisha mambo. Lakini pale kivukoni nilijua kwamba umekufa. Nikaketi chini nikalia mpaka leso ikalowa.

Kesho tutakulaza nyuma ya nyumba ya mama. Lala, kaka. Mlango hatutausikiliza tena. Ila nikipita mbugani na ndege akaita, kidole nitakikunja.

Ni mimi, dada yako mdogo.