Ng'ombe Tuliyemlaumu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mlali tunavuna karanga, babu yako hajambo. Umeuliza kwa nini mwanao anatapika na kutoka vipele kila akipewa maziwa ya ng'ombe.

Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Sisi wafugaji tulimlaumu ng'ombe, tukabadilisha ng'ombe mara tatu. Maduka yalipoanza kujaa bidhaa, tukanunua maziwa ya kopo, vipele vikazidi. Nesi akaniambia, "Mama, hata ya kopo yametoka kwa ng'ombe. Mnyonyeshe tu." Baada ya wiki kadhaa ngozi ikatakata. Mwana wa mfugaji kukataliwa na maziwa! Niliona aibu kusema.

Wewe usione aibu, mpeleke kliniki. Ndama niliyemtengea kitukuu changu bado ni wake, hata asipoonja maziwa.

Bibi yako