Mama Aliyeitikia Salamu Ndani ya Mashine ya Moyo

Jumapili, Kibirizi. Manyunyu tangu alfajiri, ziwa limenuna, dagaa hawajaanikwa. Nina furaha na nina aibu, vyote kwa pamoja.

Jana tumerudi kutoka Dar, mimi na Mama. Tangu Warundi waanze kushuka hapa kwa maboti, wamekimbia kwao na watoto mgongoni, Mama hupika uji kila asubuhi na kuuteremsha ufukweni. Mwezi uliopita akaanza kusimama katikati ya kilima wakati wa kurudi, mkono kifuani, akijifanya anakaza kanga.

Nilimfokea. Nikamwambia hao watu watamuua.

Hapa Kigoma walimpima amelala, wakaona moyo hauna neno. Daktari hakuridhika. Alinieleza kuwa mshipa wa moyo uliobana unaweza kujificha mtu akiwa ametulia, kwa hiyo moyo lazima usumbuliwe kidogo. Ndiyo tukaenda kwenye MRI ya moyo: unalazwa ndani ya mashine, unapewa dawa inayotanua mishipa kana kwamba unapanda kilima, halafu picha zinaonyesha damu inafika wapi na haifiki wapi. Siku nzima kabla yake, chai na kahawa marufuku. Mama aliona hiyo ndiyo adhabu yenyewe.

Waliniruhusu kukaa nyuma ya kioo na mpiga picha, kijana mpole. Akasema kwenye kipaza sauti: "Shikamoo mama. Vuta pumzi, toa, izuie, usiseme kitu."

"Marahaba baba! Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Picha ikaharibika. Akaanza upya, shikamoo tena kwa adabu zake, na Mama naye akaitikia, safari hii akawaulizia na wazazi. Jamani! Kijana akanigeukia. Akasema hizi bado ni picha za mwanzo, lakini dawa ikishaingia tuna dakika chache tu, na tukiziharibu hizo tumesafiri bure. Kicheko kikanikauka.

Nikamwambia, "Kaka, sisi Waha salamu hatuikatishi. Nenda kamsalimie mpaka iishe, ndiyo uanze."

Mungu ambariki. Aliingia ndani, akamshika mkono, wakaulizana mvua, mihogo, hadi afya ya majirani. Mwisho Mama mwenyewe akasema, "Haya mwanangu, fanya kazi yako."

Dawa ikaingia. Nilimwona akikunja vidole vya miguu kwa kubanwa kifua. Hakutoa hata neno moja. Nilimpenda hapo mpaka nikaumwa.

Mshipa mmoja umebana sana. Ameanza dawa, na tutarudi Dar kuuzibua. Daktari anasema hatujachelewa. Nikamuuliza kama ni ule uji uliomfikisha huku. Akatikisa kichwa: mshipa umebana taratibu kwa miaka mingi, kilima kimemfanya auhisi tu. Angekaa ndani nilivyotaka mimi, huenda tungejua siku ya kuanguka.

Na mimi nilisema watamuua.

Leo sufuria nimebeba mimi, maana yeye kilima amekatazwa. Nimefika chini nimelowa, nikafunua, nikashika upawa. Hakuna aliyenyoosha kikombe. Dada mmoja mwenye mtoto mchanga, ambaye alionekana wazi kuwa tangu jana hajatia kitu tumboni, akaniuliza kwanza: "Mama yuko wapi? Amepona?" Nyuma yake mwingine, na mwingine. Alilalaje? Anakula? Dar walimtendea vizuri?

Uji ukawa unapoa. Nikaweka upawa chini, nikawajibu mmoja mmoja mpaka wakaridhika, na ndipo vikombe vikaja.

Nimempelekea Mama salamu zote nilizozikumbuka. Amekasirika kwamba nimesahau majina.

Kesho nateremka mapema zaidi, na daftari.