Bomba Lililofunga Dirisha la Bharti

Hounslow, London
Februari 2007

Kaka yangu mpenzi Msabaha,

Asalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto nyote wazima, na mguu wako umeshaacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa baridi, na baridi ya mwaka huu haina adabu. Usishangae kuniona naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, nami nataka unisikilize mpaka mwisho.

Ulitwambia kwamba mama akilazwa tena hospitali kwa ile pumu yake, utakuja kumchukua arudi Unguja. Kwa hiyo boila yetu ya kupashia nyumba joto ilipokufa, nilichanganyikiwa. Nikamwita fundi Tarsem, Singasinga wa mtaa wa pili, akatufungia mpya. Bomba la kutolea moshi akalitokeza ukuta wa ubavuni, karibu kabisa na uzio wa Bharti. Boila za siku hizi hutoa mvuke mweupe kama sufuria la wali lililofunuliwa, na wote ukawa unaelekea dirisha la jiko lake.

Bharti ni yule jirani mjane niliyekusimulia, Mhindi mzaliwa wa Wete, ambaye Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Yeye na mama kila asubuhi walikuwa wakipiga soga kupitia dirisha lile. Basi likafungwa. Mimi, kusema kweli, sikujali. Fundi keshaniambia sheria inaruhusu, yamekwisha.

Ijumaa mama akampelekea sahani ya mikate ya kumimina kama kawaida yake. Unajua kwetu sahani hairudi tupu, na Bharti siku zote huirudisha na vitamu kama ladu, au japo ndimu mbili. Safari hii ikarudi tupu, imeoshwa inang'aa. Mama akaitazama, akasema Bharti ana kinyongo, na sababu ni lile bomba. Nikamjibu kama ana lake, mdomo anao, na sheria iko upande wetu. Weee! Akaniuliza hiyo sheria ndiyo inayopika kwenye jiko lile? Akavaa koti juu ya buibui, akaenda kusimama uchochoroni kuutazama ule mvuke ukipiga kioo cha watu. Aliporudi akaamuru boila izimwe, isiwashwe mpaka bomba lihamishwe.

Nikamwambia fundi hapatikani mpaka keshokutwa. Nikambembeleza, nikalia, nikamtajia kifua chake. Akasema hawezi kuota moto huku anamfukiza mtoto wa watu. Lo, mama yako huyo! Alikaa ndani ya sweta mbili na soksi za mume wangu, tasbihi mkononi, wala hakulalamika. Nilikuwa na hasira naye, na papo hapo natamani kumbusu mikono.

Tarsem alipokuja akalipandisha bomba mpaka juu ya paa la jiko letu, ndipo tukaenda kumtaka radhi Bharti. Akatufungulia mlango kavaa nyeupe, macho yamevimba. Kumbe kafiwa! Kaka yake Kishor, ndugu pekee aliyebaki naye, amefariki Leicester, na kwao nyumba yenye msiba haitoi chakula kwenda kwa watu. Ndiyo maana sahani ilirudi vile. Tulipomtajia bomba akasema mvuke aliuona tangu siku ya kwanza, akafunga dirisha lake akanyamaza, kwa kuwa anajua kifua cha mama kinataka joto. Na kwa kuwa dirisha lilifungwa, sisi hatukumsikia akilia. Ukuta na ukuta, Kaka, mtu anaomboleza peke yake! Mama akakaa naye chini, akamkumbatia, wakalia pamoja mpaka mimi nikashindwa kutazama nikatoka nje.

Sasa nikwambie nililokuwa nikilizungukazunguka. Baridi ile ilimwingia mama. Alilazwa hospitali, nami sikukupigia simu. Usihofu, amesharudi, anakula, anagombana nami kama zamani. Mimi nilikuwa kazini. Aliyeshinda naye kule, akimpangusa na kumlisha, ni Bharti. Nesi alipomwuliza mama, huyu ni nani wako, mama akajibu ni binti yake, tena ndiye mkubwa.

Neno lako lipo palepale, na ukitaka kuja, njoo, sitabishana nawe. Mama mwenyewe anasema haendi popote, hana uso wa kumwacha mtoto aliyefiwa. Nami nimeona bora ulijue hili kabla hujakata tiketi: ukimchukua mama, Bharti atakuwa kafiwa mara ya pili.

Mama anakusalimu sana na anakuombea dua kila anaposali. Shemeji yako anakupa mkono, na watoto unibusie. Bharti naye, ingawa hamjaonana, kaniomba nisisahau kukupa salamu zake. Anakuita kaka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nasim