Shuka la Maua Kwenye Kamba

Jumapili, tarehe 4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha, au huko kazini bado wanakuoshesha baraza kwa maji baridi? Siku hizi unakula ukiwa umekaa? Mimi sijambo. Mgongo ni ule ule, mikono imechubuka kwa sabuni, lakini hayo umeyazoea. Leo nina habari mpaka kalamu inaniruka mkononi, na unajua mimi niliishia darasa la tatu, kalamu na mimi si marafiki.

Wageni wametua! Si wageni wa kuwekewa chai, ni wageni wa kutoka huko juu. Chombo chao kinaning'inia juu ya soko kama beseni lililofunikwa, na hakuna kamba inayokishika. Wenyewe ni wafupi, kimo cha ndoo mbili zilizopandanishwa, na ngozi yao inametameta kama povu la sabuni juani. Sauti yao hujui inatokea wapi, kama redio iliyo chumba cha pili. Nilipomwona wa kwanza niliangusha karai zima la nguo kwenye tope. Akaniinamia, akasema, "Pole, mama." Sasa mtu aliyekwambia pole utamkimbiaje?

Wanasema wameitazama dunia yetu muda mrefu, na jambo moja limewashinda kuelewa: huyu ana vyumba kumi vimefungwa, yule analala chini ya meza. Basi wametoa sheria, moja tu. Kitu ulicho nacho na hukukitumia mwaka mzima, kinakwenda kwa asiye nacho. Hawapigi mtu, hawafungi mtu. Unaamka tu, kimeshakwenda.

Ungeuona mtaa! Mwenye duka la simenti alikuwa na magari saba chini ya turubai, sasa analo moja. Mwalimu jirani yetu, yule anayekwenda shule kwa miguu saa nzima, kafungua mlango kakuta gari, na hajui kuendesha. Anakaa ndani anapiga honi, watoto wanamshangilia. Fundi viatu wa pale kona kapata cherehani ya kushonea ngozi, akalia mbele za watu bila aibu. Na mimi nimeletewa mashine ya kufulia, bado ina plastiki yake. Naiogopa. Nikipita naisalimia.

Je, huko wamefika? Nijibu upesi. Kama bado wanakufungia simu, mpe barua yule muuza mboga kama kawaida, aifikishe kwenye basi.

Anayekuwaza hata akiwa na povu machoni,
Mama yako


Ijumaa, tarehe 16 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili ndani ya kabati la mafagio. Kikohozi kimekwisha, usijali. Na hiyo mashine ifungue, Mama, haiumi! Anza na soksi.

Wamefika huku pia. Siku ile walipotua nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama nina homa. Nyumba hii ina vyumba kumi na kimoja vya kulala. Wanaolala humo ni watu wawili, yeye na mumewe. Mimi godoro langu liko nyuma ya mlango wa chumba cha kupigia pasi, mlango ukifunguliwa unanigonga miguu. Nikajua asubuhi nitakuta nyumba imejaa watu.

Wapi! Hakuna kilichohama. Mama mwenye nyumba kaigundua siri yao. Wageni wanahesabu wakiwa juu, na wanachotazama ni kamba za nguo. Wakiona shuka limeanikwa, wanajua kitanda kimelaliwa. Basi kila Jumamosi natandua vitanda vyote, nafua mashuka yaliyo safi, nayaanika juu ya paa. Yeye anasimama dirishani na kikombe chake. "Wamevuka nyota zote hizo," anasema, "na hawajui mambo ya kufua!"

Pasipoti yangu bado iko ndani ya sefu yake, pamoja na mikufu. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, huu unaokwenda ni wa sita. Nikiuliza, jibu ni mwezi ujao.

Mama, kitanda changu kipo? Shuka la maua je? Nikizidiwa huwa najilaza pale kwa mawazo, naangalia ule ufa wa ukutani unaofanana na kuku, nalala. Nakuomba, usimwambie mtu kwamba kitanda hicho hakilaliwi. Kikienda, nitajiona sina pa kurudi.

Mwanao,
Chiriku


Jumapili, tarehe 25 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima ila moyo unanienda mbio, nusu furaha, nusu woga. Kaa chini kwanza.

Unamkumbuka Mama Mapazia, yule ninayemfulia, mwenye nyumba ya ghorofa ambayo kila dirisha lina mapazia matatu? Naye kaijua siri hiyo hiyo. Mzigo wangu ulikuwa mashuka manne kwa wiki, ukawa kumi na manne. Jana nimeyaanika hapa uani, mstari mzima, mengine bado yako kwenye karai, na shuka lako la maua mwisho wa kamba, akaja Mgeni.

"Mama," akasema, "nyumba ya mashuka haya ina watu wengi."

Nikamwambia, "Watu? Ni yeye, mumewe na paka."

Ngozi yake ikawa ya buluu. "Mbona mashuka kumi na manne?"

Basi, mwanangu, mimi ambaye sijawahi kumfundisha mtu kitu, nikamfundisha. Nikamletea yale niliyokuwa sijayaloweka bado. Nikamwambia, shuka lililolaliwa lina mabonde. Hapa pa bega, hapa pa kiuno, hapa mtu alipovutana na mwenzake. Na linanuka mtu. Lisilolaliwa, mikunjo ya pasi imesimama kama askari, na linanuka kabati. Akatumbukiza uso wote ndani ya shuka. Alipotoka alikuwa wa njano, anatetemeka kwa furaha kama mtoto. "Tumetazama miaka mia mbili," akasema, "na hili hatukulijua."

Nikajiona mkubwa, nakwambia! Nikasimama mikono kiunoni.

Ndipo akageuka. "Na lile la maua?"

Chiriku, shuka lako nimelifua kila Jumamosi kwa miaka sita. Nalifua, nalipiga pasi, nalitandika, ili siku ukitokea ghafla ukute safi. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi, uongo mzuri kabisa. Nikalitazama lako, nikayatazama yale ya Mama Mapazia. Mikunjo ilikuwa ile ile. Ningesemaje yake yananuka kabati, la kwangu nilifumbie macho?

Nikamwambia, hilo halilaliwi. Ni la mwanangu.

Nisamehe. Nilikaa juu ya ndoo nikashika tama. Mgeni akasema, kwa kuwa nimesema kweli, nina mwezi mmoja kuanzia leo, mpaka tarehe 25 Aprili. Ukikilalia kitanda kabla ya siku hiyo kwisha, ni chako. Usipofika, kinakwenda.

Lakini sikuishia hapo. Nikamwambia, kama unapenda kunusa mashuka, kuna nyumba kwenye mji fulani, nikampa bahasha yako asome anwani. Nikasema, juu ya paa kuna kamba ndefu, na nyuma ya mlango wa chumba cha pasi kuna mtoto wa watu. Akajibu kwamba anachojua mmoja wao wanajua wote, ila dunia ina nyumba nyingi na wao ni wachache. Wataanzia karibu.

Na wameanza! Leo asubuhi madobi wote wa mji tumeitwa. Tumeingia majumba makubwa kwa mlango wa mbele, mimi nikiwa na kandambili zangu, Mgeni mmoja kila upande. Kwa Mama Mapazia akatuzuia ngazini.

"Wewe dobi! Nani kakuruhusu kupanda juu?"

"Kazi tu, mama."

"Hicho chumba ni cha mama mkwe wangu!"

Nikalinusa shuka. Nikamwuliza, "Mama mkwe wako ana uzito gani? Maana shuka halina habari naye."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa kwenye ngazi. Yeye mwenyewe mdomo ulimcheza, akageuka upande asije akacheka.

Ujibu upesi, nisikie kama umenikasirikia.

Mwenye kosa na mwenye kukupenda,
Mama


Jumatano, tarehe 25 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Nauliza nikijua swali halina anayelijibu. Mwezi mzima, mabasi yanakuja, nakwenda stendi kila jioni mpaka madereva wananiona kwa mbali na kutikisa kichwa. Kama una hasira, andika hasira. Kama unaumwa, mwambie hata muuza mboga aandike.

Leo ndiyo siku yenyewe. Tangu alfajiri nimekaa kwenye kiti mlangoni, nikisikia viatu njiani nainuka. Saa tatu Mgeni akaja. Nikamwomba mpaka jua lisimame. Akakaa na mimi. Jua likasimama. Nikamwomba mpaka basi la mchana. Akakaa. Basi likaja, hukuwemo.

Akainua kitanda peke yake kama anainua sahani. Nilitaka kulia, lakini nikamwuliza kinakwenda kwa nani. Akasema, kwa fundi viatu. Chiriku, hivi unajua yule mzee analala juu ya meza yake ya kazi, katikati ya misumari, mwaka wa ishirini huu? Na mimi napita pale kila siku, sikuwahi kumwuliza analala wapi. Nikamfuata Mgeni. Fundi akajilaza na aproni yake, akajinyoosha, magoti yakalia ko! Akasema, "Dobi, kumbe mimi ni mrefu." Mtaa mzima ukapiga makofi, na mimi nikapiga, huku machozi yananitoka.

Shuka nilikuwa nimelikunja ili liende na kitanda. Mgeni akanirudishia. Nikamwambia sheria ni sheria, halikulaliwa. Akasema, "Shuka hili limetumika. Limefuliwa mara mia tatu. Sijaona kitu kilichotumika kuliko hiki."

Basi ninalo hapa magotini. Chumba chako kimebaki na ule ufa wa kuku tu. Mwanangu, kitanda kimekwenda, mimi nipo.

Mama yako


Ijumaa, tarehe 27 Aprili, stendi ya mabasi

Mama, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Naandika juu ya begi langu, mwandiko usamehe. Sikukasirika hata kidogo. Nilifungiwa. Mama mwenye nyumba alinikuta namalizia kuisoma barua yako ya Machi, akanizuia kutoka hata kwenda kwa muuza mboga. Mwezi mzima ni kamba na paa, paa na kamba.

Juzi Jumatano, mchana, nimetoka kuanika, mlango ukagongwa. Wageni watatu. Mama mwenye nyumba akawakaribisha kwa tabasamu. "Vyumba vyote vinalaliwa," akasema, "tazameni kamba!"

Hawakuitazama kamba. Wakapanda moja kwa moja vyumbani, ambako nilikuwa nimeshatandika mashuka mengine. Wa kwanza akatumbukiza uso kitandani. "Kabati," akasema. Chumba cha pili. "Kabati." Cha tatu, cha nne, mpaka cha kumi: "Kabati." Kisha wakafungua mlango wa chumba cha pasi, ukagonga godoro langu. Mmoja akainama, akanusa blanketi langu muda mrefu.

"Mtu," akasema. "Kuna mabonde ya bega na kiuno."

Mama, nilipiga kelele! Nikajua hayo maneno yametoka kwenye karai lako. Mungu shahidi, ni kama wewe mwenyewe umeingia pale na kandambili zako.

Halafu sefu ikafunguka, haikuguswa. Mgeni akaitoa pasipoti yangu, akamwuliza mama mwenye nyumba kwa upole kabisa, "Umekaa nayo miaka sita. Ulisafiri nayo kwenda wapi?" Akaanza kuihesabu mikufu yake. Nikawekewa mkononi. Tunatoka, tumepishana getini na familia mbili zinaingia na magunia yao, mtoto mmoja anauliza choo kiko wapi.

Basi la leo limejaa. Nimepata nafasi kwenye la Jumapili, Jumanne jioni nitakuwa nyumbani. Dereva wa leo amekubali kukimbiza barua hii, anasema yule mama wa stendi anamjua vizuri sana.

Najua tarehe imepita na kitanda kimekwenda. Niliwahi kukuandikia kwamba kikienda sitakuwa na pa kurudi. Futa maneno hayo. Nitalala sakafuni, nitalala ndani ya karai!

Anayekuja,
Chiriku


Jumatano, tarehe 2 Mei, asubuhi

Chiriku wangu,

Hujambo? Umeamkaje? Nakuuliza kwa karatasi na wewe uko hapa hapa, unakoroma kama ile mashine nikiitia mablanketi. Ndiyo, nilishaifungua. Sikutaka kukuamsha. Nimekwenda kazini, leo tunawafundisha Wageni habari ya masufuria, jinsi ya kujua lililopikiwa na la maonyesho. Chai iko kwenye chupa. Kaa, ndipo unywe.

Fundi viatu amepita alfajiri na kitanda chako kichwani, anataka kukirudisha. Nimemfukuza. Nimemwambia mwanangu amelala kitandani kwangu, tumebanana vizuri tu, arudi akajinyooshe. Amekuachia kandambili mpya mlangoni, kakisia mguu.

Jambo moja tu nakuomba. Najua umezoea kuamka na kutandika. Leo usiliguse shuka la maua. Liache lilivyo. Nikirudi nataka nilikute na mabonde yake.

Mama