Baba, Usilijaze Dumu

Mkonze, Dodoma
4 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sasa hivi tu mjukuu wako Penina kaingia kwenye beseni kavu hapa uani, kashika mwiko wangu wa ugali, anachota vumbi huku na huku kama anapiga kasia. Nikamuuliza, "Mama, safari ya wapi?" Akasema, "Kwa babu. Maji mengi." Mara beseni likapinduka, akaangukia makalio, akacheka mwenyewe. Mimi sikucheka, baba. Nikaja kuandika.

Sisi hatujambo. Kikohozi cha Penina kimeisha, na amefika miaka mitatu kasoro mwezi. Mgongo wako unaendeleaje? Unapata uji wa asubuhi?

Mwaka umepita tangu ng'ombe wa mwisho afe pale Haneti na wewe ukashuka Mtera kuvua, lakini mimi bado sijazoea. Mtu aliyechunga maisha yake yote, hajawahi kuingia maji yanayopita magoti, leo yuko katikati ya bwawa juu ya mti uliochongwa. Nikiwaza hivyo usingizi unaniruka.

Sasa sikiliza. Nimepata kazi ya kufagia na kupika chai kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Wiki iliyopita walikuja wavuvi wa vikundi na vijana wanaosomea ubaharia, wanafundishwa usalama wa majini. Huku kwetu, baba, ambako mvua yenyewe tunaisikia redioni! Mwalimu wao ni dada mmoja wa Kyela, anaitwa Bupe. Nilikuwa nasimama mlangoni na birika mpaka chai inapoa. Siku ya pili akaniona, akasema, "Dada wa chai, ingia ukae. Huko mlangoni unasikia nusu nusu."

Nikaingia. Nikamwambia baba yangu yuko Mtera na hajui kuogelea. Akasema tarehe ishirini mwezi wa tisa atakuja kwenu mwenyewe na majaketi okozi, yale ya kuvaa kifuani yanayoelea. Nikamuuliza, na kabla ya hapo? Akafikiri kidogo. Akasema, "Kwa sasa ashike dumu tupu la lita ishirini, kifuniko kimekazwa sana. Si sawa na jaketi, lakini ile hewa ya ndani itamshikilia juu. Akilijaza maji halimsaidii kitu."

Ndilo hilo Mustapha wa gari la samaki analokuletea. Kifuniko nimekizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, nikapaka mafuta mazito. Kamba ifunge kiunoni mwako, usiifunge kwenye mtumbwi.

Najua ninachokuomba. Nakumbuka nilipokuwa na miaka tisa, foleni ya kisima ilinishinda nikarudi na dumu tupu. Hukunipiga. Ulichukua fimbo yako ya kuchungia, ukanirudisha kisimani ukitembea nyuma yangu, tukafika nyumbani giza limeingia na dumu limejaa. Ulisema nyumbani kwako dumu tupu haliingii. Mpaka leo nikibeba dumu tupu naona watu wananitazama. Lakini hili, baba, nakuomba kwa heshima zote, usilijaze.

Ni mimi binti yako,
Mama Penina

*

Mwaloni, Mtera
15 Agosti 2024

Mwanangu Yasinta, Mama Penina,

Mbukwa. Anayeandika ni Batholomeo mwenye mtumbwi, maana macho yangu sasa yanaona mbuzi wa mlima wa pili ila herufi ya mkononi hayaioni. Mimi mzima. Mgongo upo, nami nipo, tunavumiliana. Uji naupata kwa Anjelina, mama mjane anayeuza hapa mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa. Anaukoroga mzito kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yako.

Dumu limefika. Mwanangu, umenipa mzigo usio na uzito na bado umenilemea. Siku ya kwanza nalipeleka mtumbwini, vijana wakapiga kelele, "Mzee Gaudence, kisima kiko huku nyuma!" Mwingine akasema, "Mwacheni, anakwenda kumnywesha Madoa." Madoa ndilo jina nililoupa mtumbwi, la yule ng'ombe wangu mweupe wa madoa. Nikakaa nalo mapajani siku nzima kama bibi harusi aliyekabidhiwa mkoba. Mkono ulikuwa unajipeleka wenyewe kufungua kifuniko nichote. Maji yote yale, mwanangu, kutoka hapa mpaka milimani, na dumu tupu mkononi! Ningekutana na baba yangu siku hiyo ningejificha.

Lakini nimeahidi. Sijalijaza.

(Dada, mimi Batholomeo naongeza langu, mzee hajui. Juzi upepo ulitukuta kwenye visiki, ile miti iliyozama zamani bwawa lilipojaa. Kimoja kilitugonga ubavuni, mtumbwi ukalala, mzee akatoka nje mzima mzima. Dumu lilimrudisha juu kama kizibo. Kakohoa, kapanda, jambo la kwanza kuuliza ni, "Halijaingia maji?" Hakutaka nikuandikie. Simu yangu ndiyo ilizama, kwa hiyo mtuvumilie kwa barua.)

Batholomeo anaandika sana kuliko ninavyosema, sijui anaandika nini. Mbusu mjukuu.

Baba yako,
Gaudence

*

Mkonze, Dodoma
27 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Penina, amenishika mkono nikuandikie. Natumaini barua hii imekukuta mzima. Ya Batholomeo niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini palepale kwenye majivu ya jiko. Usimkasirikie. Nimelia, kisha nikacheka ulivyouliza kuhusu maji kuingia.

Nilimsomea Bupe. Akasema nikuandikie mambo mawili.

La kwanza, mtumbwi ukipinduka msiuache mkatafuta nchi kavu. Ung'ang'anieni huohuo, hata umelala kifudifudi. Anasema wengi hufa wakiiona nchi kavu iko karibu.

La pili, kila mkitoka mwambieni mtu anayebaki mnakwenda upande gani na mnarudi saa ngapi. Mimi nimewaza huyo Mama Anjelina. Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba ya jirani yangu Devota, maana simu yangu kioo kimekufa. Mwachie. Akiona saa imepita na hamjarudi, aamshe watu wa mitumbwi mingine, kisha apande kile kilima chenu ambako mtandao unashika, apige.

Mimi nikimaliza kufagia nakaa kwenye kiti cha mbele pale ukumbini, kitupu, namsikiliza Bupe akiwafundisha vijana kufunga jaketi. Juzi kanivalisha mimi. Penina kavalishwa pia, jaketi limemfunika mpaka magotini, akakataa kulivua. Tarehe ishirini si mbali, baba. Nazihesabu.

Huku vumbi na upepo tu. Maji ya kisima cha hapa kwetu yamezidi chumvi mwezi huu. Penina akipewa anatema, ananiambia, "Mama, maji mabaya." Namchemshia, namwekea sukari kidogo, bado anatema. Midomo imemkauka. Lakini ni mambo madogo hayo, yatapita, usiyaweke moyoni.

Dumu usiliache, hata siku moja.

Binti yako,
Mama Penina

*

Mwaloni, Mtera
8 Septemba 2024

Mama Penina, mwanangu,

Nakusalimu, na mjukuu namsalimu kabla yako. Mimi mzima kabisa, usiniulize mgongo.

Ulichosema nimekifanya. Mama Anjelina kapewa namba, kaifunga kwenye pindo la kanga yake. Kila tukitoka namwambia upande na saa. Ananijibu, "Ukichelewa, mzee, napanda kile kilima na upawa wangu mkononi, na ukirudi nakupiga nao." Kwa hiyo nawahi.

Sasa lile la mjukuu kutema maji. Umesema nisiliweke moyoni. Nimeliweka wapi basi? Babu yake nalala pembeni ya maji, yeye midomo imemkauka! Juu ya kambi kuna chemchemi kwenye mwamba, maji yake matamu, Batholomeo anasema ukiyanywa huhitaji chai. Nimepanda leo asubuhi, nimechota mwenyewe. Chombo kisafi chenye kifuniko kisichovuja nilikuwa nacho kimoja tu, na unakijua. Hicho kifuniko chako, mwanangu, hata tone halitoki.

Usinikaripie. Ni gari moja tu kwenda na kurudi. Mpe anywe, jaza vyungu, halafu Mustapha anirudishie dumu Ijumaa. Siku nne hizi nitakaa katikati ya mtumbwi kama yai. Moyo umetulia leo. Nimebeba dumu lililojaa mpaka barabarani, mgongo haukuuma hata kidogo.

Baba yako,
Babu Penina

(Nilimwambia, dada. Nilimwambia mara mbili. Kasema mjukuu akate kiu kwanza. B.)

*

Mkonze, Dodoma
10 Septemba 2024, saa tisa alasiri

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzeje.

Mustapha kaja mchana huu, nikamwona kwa mbali anakuja ameinamia upande mmoja, nikajua amebeba nini kabla sijaona rangi. Penina kanywa vikombe vitatu bila kuvuta pumzi. Kajifuta mdomo kwa mkono, akasema, "Maji ya babu mazuri." Akataka na mwanasesere wake apewe. Baba, ni matamu kweli. Nimeyaonja nikalia.

Nimeyamimina yote kwenye sufuria, ndoo, birika, mpaka kwenye beseni la Penina. Sikumwaga hata tone, usiwe na wasiwasi. Dumu liko hapa mbele yangu, tupu, nimelikausha, nimepaka mafuta upya. Liko tayari, na halina wa kulipeleka. Mustapha anasema gari linakwenda gereji, halitoki kabla ya Ijumaa. Nilimwambia, "Kaka, leo Jumanne." Akasema, "Dada, najua siku." Kisha akanionea huruma, akatoa simu, akapiga namba tatu za watu wa kambini. Zote hazipatikani. Nimekwenda kwa vijana wa bodaboda, wakanicheka kidogo, wakasema, "Mtera kwa dumu tupu? Dada, huko maji yapo." Nimekwenda kwa Bupe ukumbini, nikaambiwa yuko safarini Kyela mpaka wiki ijayo.

Huku upepo umeanza asubuhi na haujapumzika. Bati la choo cha Devota limeng'oka. Najiambia kwenu labda kumetulia, Mtera si Mkonze, milima inazuia. Najiambia Batholomeo ana akili, akiona mawimbi hatoki.

Kosa ni langu. Ningenyamaza habari za chumvi, maji yangeendelea kutemwa na wewe ungekuwa na dumu lako. Mtoto hafi kwa chumvi kidogo.

Baba, sijawahi kukuamuru kitu tangu nizaliwe. Leo nakuamuru, unisamehe: usiingie majini mpaka Ijumaa. Kaa kwa Mama Anjelina, kunywa uji. Mwambie binti yako amekataza, wacheke wanaocheka. Barua hii naifunga kwenye kamba ya dumu, nitaipa gari la kwanza lolote, hata la mkaa. Zimebaki siku kumi tu Bupe aje. Nimeota umevaa jaketi lako jipya, la rangi ya chungwa, umesimama pale Haneti unachunga nalo, na Mado

Ngoja baba. Devota ananiita ukutani. Anasema kuna simu, mama mmoja, upepo unavuma hamsikii vizuri, anasema anapiga kutoka kilimani na anamtaka Mama Penina. Labda umepanda naye. Labda umetaka tu kujua kama mtoto kayapenda maji, ngoja nimbebe Penina nije nikuam